Watoto wa mitaa ya mabanda nao waachiwe mkebe wa nyanya

Siku moja mwaka jana nilikwenda Kawangware kumjulia hali dada yangu. Tulipokuwa tukingoja chai, nilimgeukia binti yake wa miaka minane nikamuuliza swali ambalo nilidhani ni jepesi: "Nyanya hutoka wapi?" Mtoto alisita kidogo, kisha akaniuliza, "Nyanya wa ushago ama nyanya ya kula, Mjomba?"

Nilicheka, kisha nikaona haya. Kosa lilikuwa langu. Kiambishi "hu" hakibebi dalili yoyote ya ngeli, na neno nyanya katika Kiswahili cha Kenya ni la bibi mzaa mzazi na pia ni la tunda. Mtoto huyo, ambaye hajasikia lolote kuhusu ngeli za nomino, alikuwa amelitambua tatizo la sentensi yangu na kulitatua kwa "wa" na "ya". Nikamwambia nilimaanisha ile ya kula. Naye, bila kusita tena, akajibu, "Zinatoka Marikiti."

Jibu hilo halikuwa la kipumbavu. Marikiti ndilo jina ambalo wakazi wa Nairobi wamelipa Soko la Wakulima kwa miaka mingi, na huko ndiko mama mboga wengi hurauka kwenda kununua makreti ya nyanya kabla jua halijachomoza. Mtoto alikuwa ameona nyanya zikiletwa kwa mkokoteni, zikipangwa kwa mafungu juu ya meza ya mbao, zikikatwa, zikipikwa na zikiliwa. Kile ambacho hakuwa amekiona hata siku moja ni nyanya ikiwa imening'inia kwenye mnyanya. Kwake yeye tunda hilo lilianza maisha likiwa limekwisha kuiva na limekwisha kutiwa bei.

Hoja yangu leo, msomaji mpendwa, ni ndogo. Nasema kwamba kila mtoto wa Kibera na Kawangware anastahili kuotesha nyanya kwa mkono wake walau mara moja, tangu mbegu hadi tunda. Na kwa kuwa kazi hiyo huchukua takriban miezi minne, nasema pia kwamba wale wenye kauli juu ya makao yake, yaani mzazi, mwalimu, mwenye ploti na serikali ya kaunti, wana wajibu wa kumwachia mahali pa kusimamisha mkebe mmoja kwa muda huo bila ya kufukuzwa. Sehemu ya kwanza ya hoja hii kila mtu ataikubali kwa tabasamu. Ni sehemu ya pili inayoniumiza kichwa, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Yafaa tuanze kwa majina ya mahali, kwani majina hukumbuka yale ambayo watu wameyasahau. Kibera ni jina litokanalo na lugha ya Kinubi, nalo maana yake ni msitu. Askari wa Kinubi waliotumikia jeshi la King's African Rifles walipewa makao katika msitu huo mapema katika karne ya 20, wakajenga, wakalima na kufuga. Kawangware nayo imeficha ndani yake neno la Kikikuyu "ngware", yaani yule ndege ambaye Mswahili humwita kwale. Mwenye sikio la lugha ataona mara moja kwamba ngware na kwale ni neno moja la Kibantu lililovaa nguo mbili. Basi mtaa mmoja ni msitu, na wa pili ni makao ya kwale, ndege wa vichakani na mashambani. Kabla ya Dagoretti kuingizwa ndani ya mipaka ya Nairobi katika miaka ya 1960, Kawangware ilikuwa mashamba ya watu. Ardhi ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba juu yake sasa pamesimama safu za vyumba vya mabati, na mtoto anayezaliwa humo anaweza kufika darasa la nne bila kuiona mbegu ikichipua.

Siku ile ile nilimwomba dada yangu nyanya moja iliyoiva kupita kiasi, wala hatukwenda dukani kununua mbegu. Watoto sita wa ploti wakatuzunguka. Tuliipasua nyanya, tukazikamulia mbegu zake ndani ya kikombe, tukaongeza maji kidogo na kukifunika kwa karatasi. Watoto walitaka kuzifukia papo hapo, nami ikanibidi nieleze. Kila mbegu ya nyanya imefunikwa na utando mzito unaoteleza, na utando huo huizuia kuota ingali ndani ya tunda. Kikombe kikiachwa kwa siku mbili au tatu, maji yake huchacha na kutoa harufu mbaya, utando ukayeyuka, na mbegu nzima zikazama chini, ilhali zile tupu huelea. Kisha mbegu huoshwa kwa chujio na kuanikwa kivulini juu ya sahani. Harufu hiyo iliwafurahisha watoto kuliko jambo lolote nililowahi kuwaambia.

Tulipanda mbegu 20 katika trei ya mayai iliyotobolewa chini na kutiwa udongo laini uliochanganywa na mboji. Mbegu ya nyanya haitaki kuzikwa mbali, kina cha kama sentimita moja kinatosha. Siku ya tatu watoto walianza kufukua ili waone. Siku ya tano mmoja alitangaza kwamba mjomba amewadanganya. Siku ya nane asubuhi dada yangu alinipigia simu akacheka tu, na nyuma yake nikasikia kelele kama za uwanja wa mpira. Hatimaye miche 14 ikajitokeza, kila mmoja ukiwa na vijani viwili vyembamba.

Hapo tena palikuwa na somo. Vijani viwili vya kwanza si majani hasa ya mnyanya, bali ni akiba ambayo mche ulizaliwa nayo, kama masurufu ya msafiri. Majani halisi, yale yenye ncha nyingi na harufu inayobaki vidoleni, hufuata baadaye. Miche ilipofikia urefu wa kalamu ya risasi, katika wiki ya tano, tulichagua minane iliyo bora tukaiatika katika mikebe ya kasuku na mtungi wa lita 20 uliokatwa, vyote vikiwa vimetobolewa chini ili maji yasituame. Tuliifukia hadi karibu na majani ya chini, kwa kuwa shina la mnyanya hutoa mizizi popote linapogusana na udongo wenye unyevu. Tukaweka vijiti vya kuishikilia. Watoto wakafundishwa kumwagilia shinani na si majani, maana katika baridi ya Nairobi majani yanayolala na maji hualika ukungu, nao ukungu ukishaingia huweza kuumaliza mnyanya kwa siku chache.

Mimi ni mwalimu wa isimu, sikujiandaa kuwa bwana shamba. Lakini katika majuma yale niliona jambo ambalo miaka mingi ya kusimama mbele ya ubao haikunionyesha. Watoto wa Nairobi hulaumiwa kila siku kwamba Kiswahili chao ni hafifu na kwamba Sheng imewaharibu. Wazazi hununua kamusi, walimu huadhibu. Na kumbe watoto wale sita walikuwa wakijizolea msamiati bila ya kamusi na bila ya adhabu. Walijua tofauti ya kupanda na kuatika kwa sababu walikuwa wamefanya yote mawili. Walisema mche, shina, kikonyo, mboji na samadi. Walijifunza kupogoa walipoondoa vichipukizi vinavyoota kwenye kwapa la jani. Na maua yalipogeuka kuwa vitunda vya kijani, vidogo kama pilipili manga, niliwaambia kwamba maua "yametunga". Mpwa wangu akauliza, "Kama kutunga sentensi?" Naam, mwanangu, kitenzi ni kile kile, na pengine huko ndiko mtunzi alikolitoa jina lake.

Hata jina la mdudu lilikuwa fundisho. Yupo nondo mdogo mwenye asili ya Amerika Kusini ambaye kiwavi wake huchimba vijia ndani ya majani na matunda ya nyanya, na ambaye aliripotiwa nchini Kenya mwaka 2014. Wakulima wa Tanzania walimpa jina la "kantangaze", yaani, nenda ukanitangaze. Nani asiyeona akili iliyomo katika jina hilo? Mdudu anamtuma mkulima aliyefilisika akamtangaze kwa majirani. Lugha inayoweza kubuni neno kama hilo haijafa. Ila maneno ya namna hiyo hayazaliwi penye madawati. Huzaliwa penye kazi, na kazi ikitoweka, msamiati wake huondoka nayo kimya kimya. Mtoto asiyewahi kuatika hana haja na neno kuatika, hata alikariri mara 100.

Wahenga wetu walituachia usemi kwamba mvumilivu hula mbivu. Kwa miaka mingi nimewauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza: mbivu ni nini? Wengi hunijibu kwa maelezo ya subira na mafanikio, kana kwamba methali ilizaliwa katika kitabu cha mitihani. Ni wachache wanaokumbuka kwamba methali hii inazungumzia tunda halisi mdomoni mwa mtu aliyekataa kulichuma likiwa bichi. Mpwa wangu na wenzake hawahitaji maelezo hayo. Walipoona nyanya ya kwanza ikianza kubadilika rangi, walipanga zamu ya kuilinda, na yule mdogo kuliko wote alipatikana ameketi mbele yake akiwa amejifunga mikono kwa shati lake mwenyewe.

Lakini mvumilivu huyo aliyehimizwa avumilie anahitaji kitu ambacho methali haikukitaja, nacho ni mahali pa kungojea.

Katika wiki ya kumi, miche ikiwa imefika magotini na imechanua, msimamizi wa ploti, yule ambaye wapangaji humwita keateka, alikuja na amri. Mikebe iondolewe kufikia Jumapili, kwani inaziba njia na kulowesha ukuta. Dada yangu alimwomba. Akajibu kwamba yeye naye ametumwa. Simtaji mtu, wala sitaki msomaji adhani kwamba msimamizi huyo alikuwa na roho mbaya. Ujia wa ploti ile haufiki upana wa mita moja na nusu, watu hupita na mitungi ya maji, na nguo huanikwa humo humo. Alikuwa na sababu zake. Hata hivyo, katika ploti yenye vyumba kumi na zaidi ya watu 40, hapakupatikana hatua mbili za ardhi ambapo watoto wangeweza kuweka mikebe minane na kuwa na hakika kwamba kesho wataikuta.

Jumapili hiyo mikebe ilihamishwa. Minne ilipewa hifadhi na mama mboga nyuma ya kibanda chake, mzaha ambao yeye mwenyewe aliupenda. Miwili ilipelekwa kwenye ua wa kanisa. Mmoja ulivunjika shina njiani, na mwingine ukanyauka kivulini, kwa maana mnyanya hutaka jua la saa sita hivi kwa siku. Iliyosalia sita ilizaa. Katika wiki ya 17 nyanya ya kwanza ilichumwa, ikakatwa vipande saba, kimoja cha mjomba, ikatiwa chumvi na kuliwa kwa ukimya ambao sijausikia hata katika chumba cha mtihani.

Kwa nini nasimulia haya yote? Kwa sababu nyanya huhitaji miezi minne mahali pamoja, na katika mitaa yetu ya mabanda miezi minne ya kuwa na hakika ya mahali ni mali adimu kuliko mbegu, kuliko mbolea na hata kuliko maji.

Tuivuke Ngong Road, tuelekee Kibera. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo njia za chakula zilikatika na bei zikapanda, shirika la Kifaransa liitwalo Solidarités lilianza mwaka 2008 kuwagawia wakazi miche na kuwafundisha kilimo cha gunia. Gunia husimamishwa, hujazwa udongo na samadi, katikati huwekwa nguzo ya mawe ili maji yapenye hadi chini, na mboga hupandwa juu na katika matundu ya ubavuni. Eneo linalotoshea kiti kimoja huweza kubeba miche mingi ya sukumawiki na mchicha, na nyanya kadhaa juu yake. Maelfu ya familia zililima kwa njia hiyo. Hayo hayakuwa maajabu, yalikuwa ni akili ya watu waliokosa ardhi wakaamua kuisimamisha wima.

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye alikuwa akifundisha katika shule ndogo ya watu binafsi mtaani humo, aliiga mbinu hiyo na watoto wake wa darasa la tatu. Kila kikundi kilikuwa na gunia lake, nyanya juu na mboga kando. Kisha ikafika tarehe 23 Julai 2018, siku ambayo tingatinga ziliingia Kibera kufungua njia ya barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Nyumba, vibanda na shule zilizokuwa katika mkondo huo zikabomolewa, na maelfu ya watu wakaachwa bila makao. Shule yake ilikuwa mojawapo. Aliniambia kwamba kesho yake baadhi ya watoto walirudi kwenye kifusi, na alipowauliza wamekuja kutafuta nini, hawakutaja madaftari. Walikuwa wakitafuta magunia yao.

Sisemi barabara isijengwe. Mji usio na barabara humtesa maskini kuliko tajiri. Nasema tu kwamba tunapohesabu gharama za ubomoaji huwa tunahesabu mabati na mbao, na hatuhesabu somo ambalo mtoto hupata siku hiyo. Somo lenyewe ni kwamba kungoja ni upumbavu. Kwamba mwenye akili hula ikiwa mbichi, kwa kuwa hajui kama kesho atakuwapo. Kisha mtoto huyo akiwa kijana wa miaka 20 tunamwita kando na kumhubiria juu ya kuweka akiba, kustahimili na kupanga maisha. Je, tulimpa lini nafasi ya kujaribu?

Suala la ardhi ya Kibera ni refu, nalo halitamalizwa na makala hii. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitenga zaidi ya ekari 4,000 kwa ajili ya jeshi, na askari wa Kinubi na jamaa zao wakaishi humo. Ilipofika Juni 2017, takriban karne moja baadaye, jamii ya Wanubi ilikabidhiwa hati ya ekari 288. Ikiwa mtu mzima alingoja miaka 99 apate karatasi ya kumhakikishia mahali pake, basi si ajabu mtoto kukosa mahali pa mkebe. Lakini mkebe haungoji hati. Huo unaweza kupewa nafasi leo.

Najua nitapingwa, na baadhi ya pingamizi zina uzito. Wapo watakaosema kwamba watoto wa Kibera na Kawangware wanahitaji chakula, si michezo ya mikebe. Ni kweli. Mnyanya mmoja katika mkebe hutoa mafungu machache tu, na yeyote anayedai kwamba njaa ya mji itamalizwa kwa mikebe ya kasuku anawadhihaki wenye njaa. Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na ya kuwa na chakula cha kutosha, na ibara ya 53 inampa kila mtoto haki ya lishe. Wajibu huo ni wa serikali, nayo isije ikaukwepa kwa kuwaambia maskini wajilimie dirishani. Mimi sizungumzii kibaba cha jioni. Nazungumzia elimu, na elimu ya mtoto maskini isihesabiwe kuwa ni anasa eti kwa sababu ana njaa.

Wengine watauliza juu ya usafi. Hapa nakubaliana nao kikamilifu. Udongo wa jalalani, penye betri na rangi kuukuu, huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Maji ya mtaro huwa yamebeba kinyesi. Kwa hiyo udongo utafutwe mahali safi, hata ikibidi kuletwa kwa basi katika mfuko kutoka kwa jamaa wa mashambani, na maji yawe yale yaliyooshea mboga au mchele. Maji yenye sabuni nyingi hayafai. Mikono ioshwe, na watoto waambiwe kwamba majani ya mnyanya hayaliwi.

Wapo pia watakaosema kwamba hilo ni jukumu la shule. Shule zetu zina historia ndefu katika jambo hili. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulifundisha kilimo, nasi tunaokumbuka tunakumbuka vizuri jinsi tulivyokariri tabaka za udongo. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, nao umeweka kilimo katika madarasa ya juu ya msingi. Vyama vya 4-K, ambavyo herufi zake ni za Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilifufuliwa rasmi mwaka 2021. Majina ni mazuri na vitabu vipo. Lakini katika shule iliyobanwa baina ya kuta za mabati, ambako watoto hucheza kwa zamu kwa kukosa uwanja, kilimo aghalabu hubaki kuwa picha ya jembe ambayo mwanafunzi huipaka rangi, au kazi ya ziada ambayo mzazi hufanya usiku na kuipiga picha kwa simu ili mwalimu aone. Katika hizo "K" tatu za mwanzo, ya kati ni Kufanya. Tusiiruke.

Basi kifanyike nini? Kwanza, wewe mzazi, usingoje mradi wala mfadhili. Nyanya moja iliyopondeka, kikombe, trei ya mayai na mkebe ndivyo vyombo vyote. Mwache mtoto akosee. Akizamisha mche kwa maji mengi, usimpige, mpe mbegu nyingine. Na iwapo mbegu zake zitatoa nyanya zisizofanana na ile mama, mweleze kwamba huenda ile ilikuwa chotara, na kwamba watoto wa chotara huweza kurithi sura za mababu tofauti. Hilo ni somo la urithi ambalo wengi wetu tulilisubiri hadi shule ya upili.

Pili, mwalimu mkuu, uko ukuta wa shule yako unaopata jua la asubuhi. Upe magunia matano, na uwape watoto umiliki wake kwa majina, muhula mmoja na sehemu ya likizo, wala usiwaandalie wageni maonyesho.

Tatu, mwenye ploti, nakuomba kwa heshima. Unapojenga vyumba vingine, acha upana wa hatua mbili mahali penye jua, uandike kwamba hapo ni pa mikebe ya watoto, na msimamizi wako aheshimu hivyo. Hutapoteza kodi ya chumba hata kimoja, na huenda wapangaji wako wakakaa muda mrefu zaidi mahali ambapo watoto wao wameotesha kitu.

Nne, serikali ya kaunti. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini, baada ya miaka mingi ambapo mkulima wa mjini alitendewa kama mvunja sheria. Sheria hiyo isiwe ya wenye ua mpana wa Karen peke yao. Na panapotolewa notisi ya kubomoa kwa ajili ya barabara au mto, muda utolewe wa kutosha, watu na shule zao wapewe pa kwenda. Katika muda huo mtoto naye ahesabiwe, pamoja na gunia lake.

Udongo uwahi ungali maji, wanasema wazee. Ukishakauka haufinyangiki tena. Umri wa mtoto kuamini kwamba kitu alichokifukia leo kitamrudia kesho si mrefu. Mtaani hufupishwa na mambo mengi, nasi tusiwe miongoni mwake.

Nilipokwenda Kawangware mara ya mwisho, mpwa wangu alinionyesha bahasha aliyoitengeneza kwa karatasi ya daftari. Ndani mlikuwa na mbegu zilizokaushwa vizuri, na juu yake alikuwa ameandika tarehe. Nilimuuliza atazipanda wapi, maana ujia wa ploti bado umefungwa. Akaniambia kwamba likizo ya Desemba atampelekea nyanya wa ushago, azitunze huko mpaka wao wapate mahali. Desturi ya watu wetu ni kwamba mbegu hutoka kwa nyanya kuja kwa mjukuu. Safari hii imekuwa kinyume, kwa sababu mjukuu ana mbegu na hana pa kuzipanda. Wenye kauli juu ya mahali hapo ni sisi watu wazima.